Mabuti ya Nkulu

Msiniulize kama Agnès ana kichaa. Kila anayepita hapa mtaani Manika akamwona ameketi mlangoni kwake, kitambaa cheusi kichwani, mwaka wa pili sasa, ananigeukia mimi jirani yake na kuninong'oneza: "Mama Joyeuse, ule mama iko muzima?" Muzima kukupita wewe! Wenye kichaa ni wengine, na leo nitawasema bila kuficha, maana mi nauza samaki wa ziwa la Nzilo sokoni na sijapata kumwogopa mtu kwa sababu amevaa tai.

Agnès alizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, wakati kambi ilikuwa bado na taa barabarani. Tulisoma dawati moja. Baba yake alikuwa karani, mtu wa kupiga pasi hata soksi, na alimlea binti yake aimbe kwenye kwaya ya parokia kisha aolewe na karani mwingine. Mtoto akampenda Nkulu. Nkulu alikuwa ametoka Bukama kuja kuchimba shaba mgodi wa Mutoshi kama vijana wengine wote, hana kitu ila sururu na mabega. Baba mtu alikasirika mpaka akakataa kula bukari, ugali wetu, siku ya harusi. Mi nilikula fungu lake.

Walipanga nyumba ukuta mmoja na yangu. Asubuhi Agnès anakaanga mikate, ile midogo ya mviringo ambayo watu wa kazi wanaitafuna njiani, na Nkulu anashuka shimoni na mwenzake Guelord. Siku moja shimo likaanguka. Nkulu alikuwa juu anavuta kamba, Guelord alikuwa chini. Walichimba kumtafuta hadi ukingo mwingine ukaanza kumeguka, wakaamriwa waache. Guelord yuko kule chini hadi leo, na juu yake watu wanaendelea kuchimba. Nkulu alirudi nyumbani, akaketi, akamwambia mke wake mbele yangu: "Agnès, mi siwezi kufa mu shimo. Siku nitakufa, banizike na mikono ya batu, hapana na udongo yenye inaanguka yenyewe." Agnès akamwambia anyamaze, anawatisha watoto.

Basi parke ya wanyama kule kaskazini ilipotafuta walinzi, Nkulu alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mtaa mzima tulimcheka. Nani anaacha shaba akalinde punda milia? Tukamwita Papa Punda. Lakini mwanamume alikuwa amepona roho. Alikuja likizo amekonda, amebabuka na jua, na miguuni yale mabuti meusi ambayo hakuyavua hata wakati wa kula. Agnès anaziba pua: "Nkulu, ile harufu!" Naye anacheka: "Hii ni harufu ya mulima, mama. Mu shimo hakunaka harufu ya hivi." Watoto wao, Abigaël na Merdi, walikuwa wakigombania kumfungua kamba. Ile ilikuwa nyumba ya furaha, na furaha si neno ninalolitumia ovyo.

Kisha Ntambwe akaja. Ntambwe ni mlinzi mwenzake Nkulu, walikuwa wakilala hema moja huko porini. Alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na shingoni amening'iniza mabuti yaliyofungwa pamoja kwa kamba zake. Agnès alikuwa anakaanga mikate. Alipoyaona mabuti hayana miguu, aliweka mwiko chini, akachukua maji, akazima moto. Hakulia. Alisema tu: "Sema."

Ntambwe akasema. Walikuwa wanafuata nyayo za majangili, wakafika mtoni. Nkulu akavua mabuti yasilowe, akayaweka juu ya jiwe, akaingia majini wa kwanza kupima kina. Risasi zikatoka ng'ambo, na mto ukamchukua. Walimtafuta mpaka kwenye maporomoko, hawakupata hata shati. "Mabuti tu njo yalibakia, mama," Ntambwe alisema. "Wakati niliyaokota, yalikuwa ingali na moto ya miguu yake." Hapo ndipo Agnès alipoanguka.

Sasa mnisikilize vizuri. Katika ukoo wa Nkulu, mtu aliyechukuliwa na maji haachwi hivi hivi. Wanakata mgomba wenye urefu wa mtu, wanaufungia kile kitu kilichomgusa mwisho, chenye jasho lake, na wanauzika kama maiti. Kitu hicho hakioshwi. Jasho ndilo mwili wenyewe, ukiliosha umebaki na kiatu. Na mwenye kufunga ni kaka mkubwa wa tumbo moja, si mwingine. Mpaka siku hiyo kilio hakiinuki, matanga hayaishi. Mjane anabaki na weusi wake, na marehemu anahesabiwa kuwa bado yuko njiani, analowa. Agnès, binti wa karani, mwimbaji wa parokia, alitaka jambo hilo moja tu: mume wake azikwe na mikono ya watu, kama alivyoomba.

Kaka mkubwa ni Kankolongo, anakaa Bukama. Akatuma neno kwamba anakuja. Lakini treni yetu mnaijua, inakuja ikipenda, na majuma yale haikupenda. Agnès akayafunga mabuti ndani ya kitenge, akayaweka pembe ya chumba, tukangoja.

Tukiwa katika kungoja ndipo alipokuja Donatien.

Donatien alikuwa rais wa komite ya mbio. Walikuwa wameunda mbio za kuwasaidia walinzi wa wanyama: watu wa mji wakimbie, matajiri watoe mchango, mchango uende kwa akina Ntambwe huko mlimani. Wazo zuri, mi sikatai. Alikuja na gari refu na manukato yaliyofika kabla yake. Nilimpa kiti, akakifuta kwa kitambaa kabla ya kukikalia. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ya kilio.

"Mama Abigaël," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama inavyopasa, "tunakuja kuomba mabuti ya papa Nkulu. Ya siku moja tu. Tutayaweka pa meza, batu yote baone mulinzi ni mutu wa namna gani. Kesho yake tunarudisha."

"Hapana," nikasema mi.

"Mama, nilikuwa nasemesha mwenye kilio."

"Na mwenye kilio iko na jirani!"

Agnès akaniwekea mkono gotini. Akamwuliza yule bwana: "Bale benzake kule mulima, bataona kitu?"

"Bataona, mama. Njo sababu ya mbio yenyewe."

Mi namjua Agnès. Alikuwa anamfikiria Ntambwe, ambaye soli za mabuti yake zilikuwa zimefungwa kwa waya. Na alikuwa anafikiri jambo lingine, hakulitamka lakini nililiona usoni: katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kumpigia Nkulu makofi. Tulimwita Papa Punda mpaka akafa.

"Chukueni," akasema. "Lakini musisukule. Kuosha ata na maji kidogo, hapana. Matope yake, jasho yake, muache vile biko."

Donatien akaweka mkono kifuani. "Mama, tunakupa neno yetu."

Siku ya mbio kulikuwa na ile baridi ya asubuhi za kiangazi chetu inayouma masikio. Uwanja ulijaa. Makarani wa migodi, masista, wanafunzi, wachimbaji wa Mutoshi waliokuja pekupeku wakawapita wenye viatu vya bei. Wote walivaa fulana za kijani zenye punda milia kifuani. Yale mabuti yalikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, matope yake yote juu yake, na watu walipita mbele yake wakivua kofia. Agnès akainua bendera ya kuanzisha mbio, wakaondoka. Mi mwenyewe nililia, sisemi uongo. Nilijiambia: Joyeuse, ulimi wako siku moja utakukata, watu hawa ni wema.

Kesho yake mabuti hayakurudi. Wala kesho kutwa. Agnès akapiga simu, Donatien akajibu kwa sauti ya asali: "Mama, vumilia. Tunakutayarishia zawadi." Juma likapita, na lingine. Simu ikawa inaita bila kujibiwa. Mi nikaenda kwenye ofisi yao na beseni langu la samaki kichwani, nikaambiwa harufu inasumbua wageni, nikae nje. Nikakaa nje mpaka harufu ikaingia yenyewe. Donatien akatoka, akanishika bega, akasema nisiharibu kitu kizuri.

Na nani akafika wakati huo? Kankolongo! Treni ilipenda. Mzee aliingia na mgomba wake kabisa, ameusafirisha kutoka shamba la mama yao, umefungwa majani mabichi. Akauweka ukutani, akauliza: "Mabuti iko wapi?"

Agnès akapiga magoti, akamweleza.

Mzee alimtazama. "Unakopesha batu maiti ya bwana yako?" akasema. "Ili bacheze nayo? Msiba wa kujitakia hauna kilio." Akageuka, akalala kwenye mkeka, akaelekeza uso ukutani. Mgomba ulikaa pale siku hadi siku, majani yanakauka, na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Mi nilitaka kumjibu yule mzee, Mungu anajua jinsi nilivyotaka. Agnès akanikataza kwa macho.

Hatimaye gari likaja kutuchukua. Tulipelekwa hoteli kubwa, ile yenye vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Kulikuwa na watu wa makampuni, wageni wa kutoka mbali, wapiga picha. Agnès alivaa weusi wake na mi nikavaa kitenge changu cha Krismasi. Mbele palikuwa na kitu kimefunikwa. Donatien akazungumza sana kuhusu shujaa, kuhusu milele, kuhusu mji wetu na utajiri wake. Kisha akavuta kitambaa.

Mabuti ya Nkulu yalikuwa ya shaba.

Yamefunikwa yote, soli, ulimi, hata kamba na fundo lake, yanang'aa mekundu kama sufuria mpya, yamesimama juu ya jiwe la kijani. Ukumbi ukasema "Ooo!" na makofi yakalia. Makofi ambayo Agnès aliyataka kwa ajili ya mume wake, hayo hapo sasa.

Agnès akauliza kwa sauti ndogo: "Nani alisukula?"

Fundi akasimama, kijana mmoja anaitwa Samy, mwenye karakana hapa mjini, stadi wa kutengeneza sahani na misalaba ya shaba. Alikuwa anatabasamu, maskini. "Ni mi, mama. Nilisukula muzuri. Nilikwangua matope yote, nikapitisha asidi mara na mara, maana uchafu ikibakia shaba haikamate. Kiisha nikatumbukiza mu maji ya shaba na umeme. Mama, haitaoza tena!"

Agnès akaketi chini, pale pale kwenye vigae, akapiga yowe. Kila mtu wa Kolwezi anaijua sauti ile, ni yowe la kwanza la msiba, lile la maiti ikiingia uani. Wahudumu wa hoteli wakasimama na sinia zao hawasogei. Lakini wageni wa mbele walidhani ni vigelegele vya furaha. Wakasimama, wakapiga makofi zaidi, na mpiga picha akapiga goti mbele yake apate uso vizuri. Picha hiyo ipo. Wameiweka kwenye bango kubwa: mjane analia kwa furaha. Nendeni mkaione, iko barabara ya kwenda uwanja wa ndege.

Nje nilimkamata Samy ukosi wa shati. "Wewe mutoto ya wapi?"

"Ya Bukama, mama."

"Ya Bukama! Na kwenu mutu wa maji banamuzikaka na nini?"

Tabasamu likamtoka usoni. Akanitazama, akatazama mikono yake. "Baliniambia ni zawadi," akasema. "Habakuniambia ni maiti." Nikamwachia. Ningemfanya nini? Katika mji huu, mtu tukimpenda tunamwambia ni shaba, na mtoto akizaliwa mwekundu tunamwita shaba. Alidhani amempa Nkulu kitu kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo.

Tukarudi nyumbani na mabuti yale mapajani, mazito kama mtoto. Kankolongo akayapiga kwa ukucha. "Inalia sawa sufuria," akasema. "Ndugu yangu iko wapi mu hii?" Akaingiza mkono ndani ya buti la kushoto, mpaka kiwiko, akapapasa mpaka kwenye vidole, akautoa, akaunusa. Ulinuka dawa ya kiwandani. Mzee yule mgumu, niliyemchukia majuma yote yale, akafunika uso kwa mkono ule ule akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Agnès akaenda akaketi karibu yake, na tangu hapo hawakugombana tena.

"Tutazika tu," Kankolongo alisema baadaye. "Hatuna kingine. Lakini mama Abigaël, unajua mahali tuko. Hapa kwenu batu banachimba mpaka chini ya kitanda. Kuzika shaba mu Kolwezi ni sawa kuanika nyama inje na kwenda kulala."

"Mi nitakaa pale," Agnès akasema.

Tukazika. Kankolongo alifunga mabuti kwenye mgomba uliokwisha kunyauka, akavika kitenge, na wakati wa kufukia akakataa jembe. "Na mikono," akasema, "alisemaka hivyo." Tukafukia kwa mikono yetu, mi na Agnès na Ntambwe aliyekuja na mabuti yake ya waya, na watoto. Nilipoinuka kucha zangu zilikuwa zinatoka damu na sikujali. Kilio kikainuka. Kulibaki weusi wa mjane, ambao ungevuliwa mwaka mwingine kiangazi, Kankolongo mwenyewe akirudi kuuvua, ikiwa kaburi limetulia.

Ikiwa kaburi limetulia! Agnès akahamisha jiko lake. Alikaanga mikate kwenye lango la makaburi, mahali alipoweza kuona msalaba wa Nkulu. Asubuhi mpaka jua kuzama yuko pale, na mlinzi wa makaburi akamwahidi kuangalia giza likiingia, kwa malipo ya mikate. Watu walicheka. Mi pia nilimtania kuhusu wateja wafu: "Agnès, sasa unauzia bafu?" Akanijibu: "Bafu habana kelele sawa wewe." Tulicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Ntambwe alipokuja na pikipiki. Hakuna mtu aliyeligusa kaburi, kwa sababu hakuna aliyejua kilichomo. Tuliozika tulifunga midomo. Hata mi, mnavyonijua.

Kiangazi kikarudi. Munkoyo, kinywaji cha mahindi cha siku ya kuvua weusi, tayari tumeuagiza, nguo mpya ya Agnès iko kwa fundi, ya maua ya njano, na Kankolongo ametuma neno kwamba anangoja treni. Juma moja tu kabla ya siku ile, gari refu likasimama mlangoni.

"Hapana!" nikapaaza sauti kabla hajashuka.

Donatien alishuka polepole. Safari hii hakufuta kiti. Akasema komite imejifunza, michango ya mwaka huu imenunua mabuti kwa ajili ya walinzi. Mabuti ya kuvaa, ya ngozi, mapya. Ntambwe na wenzake watakuwa uwanjani, na komite inamwomba mama Abigaël awakabidhi kwa mikono yake, kisha ainue bendera tena.

Agnès akauliza: "Ya kuvaa kweli?"

"Ya kuvaa, mama. Naapa." Kisha akauliza mabuti ya shaba yako wapi, na Agnès, asiyejua kudanganya, akamweleza kaburi na msalaba wake wa bluu.

"Wema wako usikuponze," nikamwambia alipoondoka yule. Akasema: "Joyeuse, nimeona miguu ya Ntambwe. Wewe hujaiona." Ni asubuhi moja tu, akasema, na ni mchana kweupe.

Na mabuti yalikuwa ya kweli! Nataka niwe wa haki hata nikiwa na hasira. Ntambwe aliketi kwenye nyasi, akafungua nyaya zake, akavaa mapya, akasimama, akapiga mguu chini mara mbili, akamtazama Agnès. Agnès akacheka kwa sauti. Meno yote nje. Nilikuwa sijayaona meno yale siku nyingi.

Kisha Donatien akashika kipaza sauti.

Alitaka kupendeza tu, najua. Akawaambia wakimbiaji waliokuwa kwenye mstari, na watazamaji wote, na redio iliyokuwa inatangaza, kwamba mji wetu una kaburi la ajabu. Kwamba mama huyu, kwa upendo, aliyazika mabuti ya shujaa. "Mabuti ya shaba, ndugu zangu! Shaba safi ya Kolwezi! Yanalala mu makaburi yetu, karibu na lango, chini ya musalaba ya bluu. Mukipita pale, musimame kidogo."

Nilimwona Agnès akigeuza kichwa. Uwanja mzima ulipiga makofi. Huku nyuma, kwenye ukuta, niliona wanaume wawili watatu wakishuka na kuondoka bila kungoja mbio zianze, na labda walikuwa wanaenda kukojoa, sijui. Umewaambia watu wa Kolwezi kwamba shaba iko chini ya ardhi, karibu na lango, chini ya msalaba wa bluu! Ewe mtu mzima, umezaliwa wapi?

Agnès akaitupa bendera akakimbia.

Alikimbia na weusi wake, kandambili zikamtoka mlangoni mwa uwanja hakuzirudia. Nilimwita, nikatafuta pikipiki, pikipiki zote zimezuiwa kwa sababu ya mbio. Na barabara aliyoshika ndiyo ile ile ya mbio, hakuna nyingine ya kwenda makaburini. Watu walikuwa wamejipanga pande zote wakingoja wakimbiaji, na wa kwanza kutokea akawa yeye, mwanamke wa makamo, pekupeku, kitambaa kimemdondoka. Wakamtambua kwa ile picha ya bango. "Ni bibi ya ule mulinzi!" wakasema. "Anakimbilia bwana yake! Courage, mama! Jikaze!" Wakampigia makofi. Binti mmoja akamkimbilia na chupa ya maji, akamwagia kichwani kama wanavyofanyiwa wakimbiaji. Mtoto alitaka kumpa bendera ndogo. Walilia kwa kuguswa, watu wale. Niliyasikia hayo yote kwa sababu nilikuwa nyuma yake, nakimbia na unene wangu, napiga kelele "Mushike wezi! Wezi makaburini!" na walinipigia makofi mi pia.

Nilipofika lango, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wachimbaji wetu ni wepesi, hiyo ni kazi yao, na redio ilikuwa imefika huko kabla yetu. Msalaba wa bluu ulikuwa kando. Mgomba umepasuliwa katikati, umetupwa kwenye nyasi, kitenge kimeachwa juu ya kaburi la jirani. Agnès alikuwa ndani ya shimo. Alikuwa amepiga magoti anachimba kwa mikono, anashuka chini zaidi ya pale tulipozika, miguu yake imechanika inavuja damu, na udongo wa ukingo unamwangukia mgongoni.

"Toka, Agnès," nikamwambia. "Toka, dada yangu. Hayupo."

"Aliniambia hawezi kufa mu shimo," akasema. Nikamshika kwapani nikamvuta.

Kankolongo aliteremka treni siku ya kuvua weusi, na munkoyo ulikuwa tayari kwenye mitungi. Hakumlaumu mtu safari hii. Aliketi, akasema kaburi lililofukuliwa ni kaburi ambalo halijafungwa, ndugu yake amerudi njiani, na sasa hakuna tena kitu chake cha kuzika. Kwa hiyo weusi hauvuliwi. Si juma hili wala mwaka huu. Alimwomba Agnès msamaha kwa kusema hivyo, akarudi Bukama. Nguo ya maua ya njano bado iko kwa fundi, na ile shaba labda ni waya sasa ndani ya simu ya mtu fulani, anaongea.

Donatien alirudi juzi. Mlango ule ule, kiti kile kile. Alikuwa na huzuni ya kweli, macho mekundu, na mi nilimchukia zaidi kwa sababu ya hilo. Akasema komite imekaa, imeumia sana, haitakubali shujaa apotee hivi hivi. Samy amekubali kufanya kazi bure. Watatengeneza ukumbusho mwingine, na huu utafungwa kwa vyuma mbele ya uwanja, hakuna atakayeuiba, na mbio za mwaka ujao zitaanzia pale.

"Mama Abigaël," akasema kwa upole, "hakukubakia kitu yake ingine? Shati, kofia, ata mukaba? Kitu tu yenye alikuwa anagusa."

Agnès alikuwa amekaa mkekani, miguu yake bado imefungwa vitambaa. Akainua uso, akamtazama bila hasira, na akajifungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakiweka mapajani.

"Kunabakia mi," akasema. "Munipeleke kwa Samy. Lakini musinisukule."